Mkono usionyanyuka: mazoezi nayo ni dawa ya mgonjwa wa saratani



Ndugu zangu katika imani, tangu mwezi wa Rajabu akina mama watatu, kila mmoja kwa wakati wake, wameniuliza swali linalofanana. "Sheikh, nimefanyiwa upasuaji wa saratani ya titi. Mkono wa upande ule haunyanyuki. Nikifunga sala nanyanyua mkono mmoja tu. Je, sala yangu ni sahihi?"

Jibu langu ni hili. Sala yako ni sahihi, mama, wala usiwe na wasiwasi. Nguzo ni kuitamka takbira ya kufungia sala. Kunyanyua mikono ni sunna. Mwenye kuweza mkono mmoja anyanyue mmoja, na asiyeweza wote asinyanyue wote, na malipo yake yako kwa Mola wake. Imran bin Huswayn (r.a.) alikuwa anaumwa bawasiri, akamuuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu sala, naye akamwelekeza aswali kwa kusimama, akishindwa akae, akishindwa alale ubavu. Dini yetu ni nyepesi kwa mgonjwa. Alhamdulillah.

Lakini nikiishia hapo nitakuwa nimekujibu nusu. Nami nina swali langu kwako: nani amekwambia kwamba mkono huo ndio basi tena? Umepelekwa kwa wataalamu wa mazoezi tiba, wale wanaoitwa watu wa fiziotherapia? Wote watatu walinijibu hapana. Mmoja hata hakujua kwamba kuna watu kama hao. Ndipo nikaona niandike, kwa sababu jambo hili nimeliona kwa macho yangu ndani ya familia yetu.

Ninayemtaja hapa ni mdogo wangu wa kike, tumbo moja. Amenipa ruhusa niyaandike haya, akasema, "Kaka, andika, asije mwingine akapitia nilikopita mimi."

Miaka minne iliyopita alikutwa na saratani ya titi. Akafanyiwa upasuaji, titi likaondolewa pamoja na tezi za kwapani. Hospitali siitaji, maana sikuja hapa kushtaki mtu. Siku ya kuruhusiwa alipewa karatasi yenye picha za mazoezi, maandishi yake ya Kiingereza, na hakuna aliyekaa naye dakika tano kumwonesha. Karatasi ile ikaingia kwenye droo pamoja na risiti.

Nyumbani kwa mumewe, Korogwe, alipokelewa kwa mapenzi makubwa. Shangazi yetu, Allah amrehemu, alihamia kwake kumuuguza. Akamfunga mkono kwa kanga ukaning'inia shingoni. Asiguse jiko, asinyanyue hata kikombe, nywele achanwe, nguo avalishwe. Kila mgeni aliyekuja kumjulia hali alimwambia neno moja: pumzika. Ikapita wiki ya kwanza, ya pili, mpaka ya sita.

Kisha tukasafiri naye kwenda Dar es Salaam kwa ajili ya mionzi. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi nje. Akaingia, na haikuchukua muda akatoka analia. Ili mionzi ipigwe sawasawa kifuani, mgonjwa hulala chali, mkono wa upande ule ukawekwa juu ya kichwa, akatulia bila kutikisika. Mkono wake haukuvuka bega. Walijaribu kuusaidia, akapiga kelele kwa maumivu. Wakamwambia kwa upole, "Mama, hatuwezi kukupiga mionzi hivi. Nenda kwanza kwa watu wa mazoezi, mkono ukipanda urudi."

Akaniambia, "Kaka, ugonjwa nimeuvumilia, na kisu nimekivumilia. Leo nanyimwa dawa kwa sababu ya bega?"

Ndugu zangu, hapo ndipo pa kuzingatia. Watu wengi wanadhani mazoezi tiba ni jambo la ziada, la mtu aliyekwisha kupona na mwenye nafasi. Kwa mdogo wangu yalikuwa ndiyo mlango wa kuifikia dawa yenyewe.

Mtaalamu aliyetupokea alikuwa mama wa makamo. Alimshika kwapa, akapapasa, akatuonesha kitu kama uzi mgumu chini ya ngozi, kimetoka kwapani kuelekea kwenye kiwiko. Akasema wanaofanyiwa upasuaji wa kwapa huwatokea mara nyingi, na huachia kwa kunyooshwa polepole. Akaeleza kwamba bega ni kiungo kinachokauka upesi kisipotumika. Kovu linapopona hujivuta, nyama za kifua hukaza, na mgonjwa akiogopa kuunyoosha mkono, kila siku hupoteza kidogo. Mionzi nayo ikija huzidi kuikaza ngozi. Kwa hiyo anayesubiri maumivu yaishe ndipo aanze mazoezi, anasubiri huku mlango unafungwa.

Mazoezi aliyopewa hayakuhitaji mashine. Alisimama akiutazama ukuta, akatambaza vidole kupanda juu kama mjusi, akifika mwisho anatulia, anahesabu kumi, anashuka. Alilala chali, akashika fimbo ya ufagio kwa mikono miwili, mkono mzima ukiupandisha ule mgonjwa. Alizungusha mabega. Alichana nywele zake mwenyewe. Alivuta pumzi ndefu kifua kikajaa. Mara tatu kwa siku. Ile hesabu ya kumi aliifanya kwa tasbihi, kila kunyoosha "Subhanallah" kumi.

Mtaalamu alimpa na kipimo cha maumivu. Kuvuta na kukaza wakati wa zoezi ni kawaida, usiogope. Maumivu makali yanayobaki mpaka kesho yake ni dalili kwamba umezidisha, punguza. Tukamwekea alama za chaki ukutani kila Ijumaa, pale tulipofikia kwa ndugu yetu Temeke. Ijumaa ya kwanza alama ilikuwa usawa wa kidevu. Ijumaa ya tatu ilikuwa juu ya kichwa. Wiki ya nne akarudi kwenye mionzi, akalala, akaunyanyua mkono, wakaanza kazi yao. Haba na haba hujaza kibaba.

Sasa tuseme na lile la kuvimba, kwa sababu ndilo linalowatisha wengi. Kwapani kuna tezi ndogondogo zinazopitisha na kuchuja majimaji ya mwili yanayorudi kutoka mkononi. Tezi zikiondolewa au zikichomwa na mionzi, njia ya majimaji hupungua, na kwa baadhi ya wagonjwa mkono huvimba. Unaweza kuvimba baada ya miezi, na pengine baada ya miaka. Bangili inabana, pete haitoki. Mitaani kwetu hapo ndipo maneno huanza: kachezewa, karogwa, kijicho. Ndugu zangu, sisi tunaamini kwamba husuda ipo. Lakini mkono uliovimba upande ule ule ulioondolewa tezi sababu yake inajulikana, na matibabu yake yanajulikana: kutunza ngozi isipasuke, kukandwa kwa wepesi na mtu aliyesomea, kufungwa bandeji au kuvaa soksi maalumu ya kuubana mkono, na mazoezi.

Na mazoezi, ndiyo. Zamani hata madaktari walikuwa wakiwaambia wanawake hawa wasibebe kizito wala wasiufanyishe mkono kazi ya kurudiarudia. Mwaka 1996, katika mji wa Vancouver kule Canada, daktari mmoja wa chuo kikuu, Don McKenzie, alitaka kuujua ukweli wa kauli hiyo. Akakusanya wanawake 24 waliotibiwa saratani ya titi, akawafundisha kupiga kasia kwenye mashua ndefu. Sisi watu wa pwani tunajua kasia ni kazi ya mkono hasa. Mikono yao haikuvimba, na wenyewe wakawa na nguvu na furaha. Leo wanawake kama hao wanapiga makasia katika nchi nyingi duniani.

Mwaka 2009 ukachapishwa utafiti wa Marekani ulioongozwa na Kathryn Schmitz, kwa wanawake 141 ambao mikono yao ilikuwa imekwisha kuvimba. Walionyanyua uzito kidogokidogo, kwa kusimamiwa, uvimbe wao haukuzidi kuliko wa wenzao. Tena mikono yao ilipata nguvu, na vipindi vya uvimbe kuamka vikapungua. Mwaka 2021 Waingereza nao walichapisha utafiti wa wanawake 392 waliofanyiwa upasuaji wa titi na kuwa katika hatari ya matatizo ya bega. Waliofundishwa mazoezi na wataalamu wa fiziotherapia, baada ya mwaka mmoja walikuwa wanautumia mkono vizuri kuliko waliopewa vijitabu peke yake. Mnaiona karatasi ya kwenye droo? Karatasi bila mwalimu haitoshi. Sisi tuliosoma madrasa tunalijua hilo, maana hakuna aliyejifunza makhraji ya herufi kwa kutazama kitabu tu.

Labda utasema, haya ni ya wanawake na titi tu. Sivyo.

Aliyepigwa mionzi ya saratani ya mlango wa kizazi anaweza kuvimba miguu, naye anahitaji huduma ile ile. Aliyetibiwa saratani ya kinywa au koo taya lake linaweza kukaza asiweze kutafuna, na yapo mazoezi ya kulifungua. Mzee aliyeondolewa tezi dume anaweza kuvuja mkojo, na yapo mazoezi ya kukaza misuli ya chini ya nyonga yanayosaidia. Wazee wangu, jambo hili mnalificha kwa aibu, mnaacha kuja msikitini kwa kuhofia twahara. Njooni muulize. Mwenye kuvuja mfululizo ana hukumu yake: ajisafishe, ajifunge kitu, atawadhe baada ya wakati wa sala kuingia, kisha aswali. Na huku aende kwa mtaalamu.

Kuna dawa za tiba kemia zinazotia ganzi miguuni, mgonjwa haihisi ardhi sawasawa, anaanguka. Naye hufundishwa kusimama na kutembea kwa usalama. Na mtoto aliyekatwa mguu kwa saratani ya mfupa ni nani atakayemfundisha gongo na mguu wa bandia, kama si watu hawa?

Kuna na uchovu. Uchovu wa saratani si kama wa shamba. Wa shamba ukilala unaondoka. Huu mtu analala kumi, anaamka amechoka vilevile. Na kadiri anavyolala ndivyo misuli inavyoyeyuka, na kadiri inavyoyeyuka ndivyo anavyochoka zaidi. Mwaka 2019 jopo la wataalamu wa nchi mbalimbali walioitishwa na chuo cha Marekani cha tiba ya michezo walitoa mwongozo: kutembea au zoezi mfano wake, dakika 30, mara tatu kwa wiki, na mazoezi ya nguvu mara mbili, hupunguza uchovu, wasiwasi na huzuni. Asiyeweza dakika 30 aanze na tano. Kutoka kitandani mpaka mlangoni ni mwanzo.

Na Juni 2025 ukatoka utafiti mkubwa wa wagonjwa 889 wa saratani ya utumbo mpana, wengi wao wa Canada na Australia, waliokwisha kumaliza upasuaji na tiba kemia. Nusu walipewa vijitabu vya afya, nusu wakasimamiwa mazoezi kwa miaka mitatu. Baada ya miaka mitano, katika kila watu 100 wa mazoezi, takribani 80 walikuwa hai bila ugonjwa kurudi, na wa vijitabu takribani 74. Wala asije mtu akaacha dawa akasema Sheikh kasema mazoezi yanatibu saratani. Sikusema hivyo. Wale walitibiwa kwanza, kisha wakafanya mazoezi juu ya tiba. Uhai na mauti viko kwa Allah (s.w.), sisi tumeamrishwa kushika sababu. Mtume (s.a.w.) alimfundisha mtu mmoja amfunge ngamia wake ndipo ategemee.

Hapa nina tahadhari, na naomba mzisome taratibu.

Ya kwanza, hijama. Hijama ni sunna, nami siipingi. Lakini mkono au mguu uliovimba kwa kuondolewa tezi usiupige chuku wala usiuchanje chale. Kiungo kile kinga yake imepungua, na kila tundu la ngozi ni mlango wa vijidudu. Mkono ukiwa mwekundu, una joto, na mgonjwa ana homa, hiyo ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo.

Ya pili, usiukande kwa maji ya moto kwa nguvu kama unavyokanda mguu ulioteguka. Ukandaji wa mtaalamu ni mwepesi mno, kama kupangusa vumbi.

Ya tatu, mazoezi yana siku zake na watu wake. Mwenye homa asubiri. Mwenye damu pungufu sana, au chembe zinazogandisha damu zimeshuka, amuulize daktari kwanza. Ambaye saratani imefika mifupani asinyanyue kizito wala asijipindepinde mpaka aelekezwe, kwa maana mfupa unaweza kuvunjika. Na mguu mmoja ukivimba ghafla na kuuma, au pumzi ikakatika, hilo si la mazoezi, kimbilia hospitali.

Ya nne, msiseme "mimi naswali, inatosha." Sala ni ibada, haikuletwa iwe mazoezi. Mwanafunzi haachi darasa la hesabu kwa sababu amesoma Qur'ani.

Na nimeulizwa: mtaalamu akiwa mwanamume, na mgonjwa ni mwanamke? Tafuteni mwanamke kwanza, na wapo. Akikosekana, dharura ina hukumu yake: mwanamume amtibu kwa kadiri ya haja, pafunuliwe panapohitajika tu, na mume au maharimu wake awepo. Mume asimzuie mkewe tiba kwa wivu. Mke ni amana, na utaulizwa juu ya amana.

Nataka niseme na wale wanaosema, "Huyu hatapona, mazoezi ya nini?" Hapa mtaani kwetu Tanga kulikuwa na mzee, jirani wa msikiti, saratani ya tezi dume ilikwisha kuingia mifupani. Mtaalamu alikwenda nyumbani kwake mara mbili tu. Aliwafundisha wanawe namna ya kumgeuza bila kumvuta mkono, namna ya kumkalisha kwa mito mitatu, mmoja mgongoni na miwili ubavuni, na kumpumulisha vizuri. Kabla ya hapo kila kumgeuza kulikuwa kilio. Baada yake nilikuwa nikienda Alasiri namkuta amekaa, ameelekezwa kibla, anaswali kwa kuashiria kichwa. Aliishi miezi miwili baada ya hapo. Hakupona, lakini alifariki akiwa na heshima yake, na wanawe wakiwa hawaogopi kumgusa. Hiyo nayo ni tiba, na mwenye kumfanyia hivyo mzazi wake amepata ujira mkubwa inshaallah.

Kwa hiyo, familia zetu, huruma yenu ni njema, ila ielekezeni. Badala ya kumnyang'anya mgonjwa kikombe, mpe kikombe chepesi na ukae karibu. Badala ya kumwambia "lala" mara kumi, mwambie mara moja "twende mpaka kwa jirani turudi," na umshike mkono. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mgonjwa naye kuna kuinama kwake.

Na wewe mgonjwa, kabla hujatoka hospitali uliza maswali manne. Kiungo gani nikichezeshe, na kuanzia siku gani? Mwisho wangu ni wapi kwa sasa? Dalili gani zikitokea nirudi haraka? Na mtu wa fiziotherapia nitamwona wapi? Si kila hospitali ya wilaya inaye, basi omba rufaa, na ukikutana naye hata mara moja mwambie akuoneshe kwa vitendo, kisha na wewe ufanye mbele yake. Mwenye simu arekodi. Huo ndio msaada wa simu.

Mdogo wangu yuko hai, alhamdulillah. Mkono wake huvimba kidogo akisafiri safari ndefu, huvaa soksi yake, na kila asubuhi baada ya nyiradi hufanya mazoezi yake. Mwaka huu ameanza kuwakusanya akina mama wawili watatu barazani kwake, anawaonesha ukuta na fimbo ya ufagio, na anawahimiza waende kwa wataalamu. Nami nimeahidi kuwatafutia mtaalamu mwanamke aje msikitini upande wa akina mama, Jumamosi moja kila mwezi. Mwenye kumjua aniletee habari.

Mfikishie haya aliye na mgonjwa nyumbani. Ee Mola wetu, waponye wagonjwa wetu, wape nguvu wanaowauguza, walipe kheri wanaowatibu, na warehemu waliotutangulia. Aamin.

Wabillahi tawfiiq.